MUULIZE FUNDI: Oili inayogoma asubuhi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Canter ya dizeli, nabeba viazi kutoka Njombe hadi Dar. Injini inakula oili kidogo, kwa hiyo naweka SAE 50, oili nzito. Julai hii, alfajiri, stata inazunguka kwa taabu na geji ya presha ya oili inapanda hadi mwisho. Nikishuka mlima wa Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni kwenye joto, geji imeanguka. Je, presha ndiyo inayoifanya oili iwe nzito? Fundi mmoja kaniambia nichanganye nusu lita ya mafuta ya taa. Muuza spea naye ananipa chupa ya "dawa ya kukaza oili". Nimsikilize nani?
Dereva, Njombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja.

Presha ya pampu, bar nne au tano, haiwezi kuifanya oili iwe nzito. Ni kinyume chake: oili imeganda kwa baridi, pampu inalazimika kuisukuma kama uji kwenye tundu la sindano, geji inapanda. Presha inayokaza oili kweli iko nyuma, kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Jino la gia linapobana jino jenzake hufika maelfu ya angahewa (angahewa moja ni karibu bar moja), na kwa kufumba na kufumbua ile oili katikati hukakamaa karibu kama plastiki. Bila hivyo meno yangesagana.

Kinachokutesa ni joto na baridi. Gereji tunasema "uzito", lakini neno lake ni mnato, yaani ugumu wa oili kutiririka; oili ni nyepesi kuliko maji, ndiyo maana inaelea juu ya dimbwi. SAE 50 ikiwa na nyuzi 100 mnato wake ni kama sentistoki (kipimo cha mnato) 19. Ikipoa hadi 40 unapita 200. Sasa fikiria alfajiri ya Njombe!

Jaribu hivi. Jaza SAE 50 kwenye kichupa cha dawa, ukibakiza nafasi ya hewa, na 15W-40, oili ya namba mbili, ya baridi na ya joto, kwenye kingine. Vilaze kwenye friji usiku kucha (mimi nilifokewa na mama watoto, wewe omba ruhusa). Asubuhi vipindue pamoja, utazame kiputo cha hewa kikipanda. Cha 15W-40 kitafika juu kile kingine kikiwa bado kinajikokota.

Siri ya 15W-40 ni polima, nyuzi ndefu zilizochanganywa humo. Kwenye baridi hujikunja, hazisumbui. Kwenye joto hujinyoosha na kuizuia oili isiwe maji. Ila hukatikakatika kwa kusagwa injinini, kwa hiyo usipitishe kilomita za kumwaga oili.

Chupa ya muuza spea mara nyingi ni polima hizohizo, nyingi zaidi. Niliwahi kuimimina kwenye pikapu yangu. Moshi ulipungua, nikajisifu. Baridi ilipoingia, betri ikaninyoosha. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na chupa haitengenezi ringi. Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi: yatakufurahisha Njombe, lakini huko Mbuyuni oili imeshalainika, utando kwenye beringi za krenki utakatika, injini inoki na viazi vioze barabarani.

Weka 15W-40 ya dizeli, uandike inakula kiasi gani kwa safari. Ikizidi, fungua ringi. Na hiyo SAE 50 uimwage gari likiwa limetoka safari, la moto. Ukisubiri ipoe, utalala chini ya Canter ukihesabu matone hadi chai yako ipoe.