Kizuizi Kabla ya Hesabu: Niliyojifunza Nikijaribu Vihesabio vya Prosesa

Niliwahi kuandika jaribio fupi la kihesabio cha utendaji, yaani sehemu ya prosesa inayohesabu matukio yanayotokea ndani yake, ambalo lilifaulu kila mara kwenye emuleta (programu inayoiga prosesa) na kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), kisha likaanza kufeli mara mojamoja nilipoliendesha moja kwa moja juu ya prosesa halisi ya Arm. Lilikuwa jambo jepesi kulielezea: chagua tukio la kufikia kumbukumbu, yaani MEM_ACCESS lenye namba 0x13, washa kihesabio, soma anwani moja mara 20 ndani ya kitanzi, zima kihesabio, kisha hakikisha kwamba hesabu haipungui 20. Mara nyingi nilipata idadi niliyoitarajia. Mara nyingine nilipata pungufu, na nilipoongeza mstari wa kuchapisha ujumbe katikati ili nichunguze, kosa lilitoweka kabisa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, nami naitaja kwa sababu nimewaona wengi wakiichukua: nilipanua nafasi ya kosa inayokubalika. Jaribio likafaulu, lakini tangu siku hiyo halikuwa tena na uwezo wa kugundua kihesabio kinachopoteza matukio, ambayo ndiyo kazi pekee niliyoliandikia. Hesabu inapoyumba, usiguse mipaka kabla hujaeleza kwa uhakika ni amri zipi zilitekelezwa kihesabio kikiwa kimewashwa.

Kiini cha tatizo ni kwamba kuandika kwenye rejista ya mfumo, yaani nafasi ndogo ndani ya prosesa inayodhibiti tabia yake, si sawa na kuandika kwenye kigeu cha kawaida. Katika usanifu wa Arm, amri ya kuandika PMCR_EL0 ili kuwasha vihesabio inaweza kuwa imeshapita, ilhali athari yake haijahakikishwa kwa amri zinazofuata mpaka litokee tukio la kusawazisha muktadha, kama vile amri ya ISB (kizuizi kinachofanya amri zinazofuata zione mabadiliko yaliyotangulia), kuingia kwenye eksepsheni (pale prosesa inapoikatiza programu ili kushughulikia tukio fulani), au kurudi kutoka humo. Bila ISB, prosesa ina ruhusa ya kuanza mizunguko ya mwanzo ya kitanzi huku ikiona hali ya zamani, yaani vihesabio vimezimwa. Hali ni hiyohiyo unapochagua kihesabio kwa PMSELR_EL0 kisha ukasoma PMXEVCNTR_EL0 papo hapo: uteuzi usiposawazishwa, unaweza kusoma kihesabio kingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashine pepe ilinificha kosa. Katika mashine ile, haipavaiza, yaani programu inayosimamia mashine pepe, ilikuwa ikinasa kila uandishi wa rejista za vihesabio, na kule kuingia na kurudi kwenye eksepsheni kulifanya kazi ya ISB ambayo mimi sikuwa nimeiandika. Mstari wangu wa kuchapisha ulileta msaada wa aina hiyohiyo, kwa kuwa ulipitia amri nyingi na eksepsheni kabla ya kitanzi kuanza. Emuleta nayo ilitekeleza amri moja baada ya nyingine kwa mpangilio nilioandika, hivyo haikuwa na namna ya kunionyesha udhaifu huo. Kufaulu katika mazingira hayo mawili hakuthibitishi chochote kuhusu vizuizi.

Nilipoweka ISB, kosa lilipungua lakini halikwisha. ISB inasawazisha mkondo wa amri; haingoji usomaji na uandishi wa kumbukumbu ukamilike. Usomaji wa mwisho wa kitanzi ulikuwa bado njiani pale nilipokuwa nikizima kihesabio, na tukio lake halikuhesabiwa. Anayengoja kumbukumbu ni kizuizi kingine, DSB. Mpangilio niliofikia, na ambao ningemshauri mtu yeyote aanze nao, ni huu: DSB ISH (ISH ni eneo la prosesa zinazoshiriki kumbukumbu) ili shughuli za kumbukumbu zilizotangulia zisiingie kwenye hesabu, kuandika PMCR_EL0, ISB, kitanzi, DSB ISH nyingine ili shughuli za kitanzi zikamilike, kuzima kihesabio, na ISB ya mwisho kabla ya kusoma matokeo. Sehemu yote hiyo iandike kwenye kipande kimoja cha asembli, lugha ya amri za prosesa zenyewe. Ukiigawa katika vipande kadhaa ndani ya msimbo wa C, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) inaweza kupenyeza usomaji wake wa kumbukumbu katikati, na hakuna kizuizi cha prosesa kinachoweza kurekebisha mpangilio ambao kompaila imeshaubadilisha.

Kwa wanaofanya kazi kwenye x86, usanifu wa prosesa za Intel na AMD, majina hubadilika lakini swali ni lilelile. RDPMC, amri ya kusoma kihesabio, haisawazishi mkondo wa amri, hivyo inaweza kusoma kihesabio kabla amri zilizotangulia hazijamalizika. Wengi hutanguliza CPUID, amri ya kuuliza sifa za prosesa, ambayo inasawazisha kweli, ila ndani ya mashine pepe ya Intel kila CPUID hulazimisha kutoka kwenda kwa haipavaiza, na gharama hiyo huvuruga kipimo kifupi. Mimi hutumia kizuizi cha LFENCE kabla na baada ya kusoma. Kwenye prosesa za AMD, hata hivyo, hakikisha kwanza kwamba LFENCE imewekwa katika hali ya kusawazisha, kwani kwenye nyingi kati yake tabia hiyo hutegemea mpangilio wa rejista ya MSR, yaani rejista ya mipangilio ya modeli husika.

Vizuizi navyo vina mipaka yake. Haviondoi amri ambazo prosesa ilizitekeleza kwa kubahatisha kisha ikazitupa, na baadhi ya matukio huzihesabu hizo pia; unapotaka idadi inayokaribia hasa ile uliyoandika, chagua tukio la amri zilizokamilika, kama INST_RETIRED lenye namba 0x08. Vilevile vizuizi vyenyewe ni amri, nazo zinahesabiwa. Kwa hiyo huendesha kitanzi mara mbili, kwa idadi N na kwa idadi 2N, kisha natoa hesabu ya kwanza katika ya pili ili gharama isiyobadilika ijifute.

Siku hizi, kila ninapoweka kizuizi, naandika pembeni yake ni amri ipi inasubiri ipi, kisha nakiondoa kwa makusudi na kuendesha jaribio mara maelfu juu ya prosesa halisi inayotekeleza amri nje ya mpangilio. Jaribio likifeli, nakirudisha na kuandika namna lilivyofeli. Lisipofeli, nakirudisha bado, maadamu usanifu unakidai, kwa sababu prosesa ya kizazi kijacho haina wajibu wa kuwa na subira ya hii ninayoitumia. Jaribio langu la zamani sasa lina DSB mbili na ISB mbili, na ile nafasi pana ya kosa niliyoiongeza nimeiondoa.