Funua Mgongo Kabla ya Kuwasha Mashine

Jumanne iliyopita nilipita kitanda cha tatu nikamkuta kijana wetu wa atachi, mwanafunzi wa fiziotherapia hapa Kisumu, amemlaza mama mmoja, muuza samaki, kifudifudi. Blauzi mwilini, leso juu ya blauzi, hotipaki, ule mfuko wa joto, juu ya leso. Kwenye kadi ameandika "maumivu ya mgongo", nukta. Nikamuuliza, "Mgongo wenyewe umeuona?" Akanijibu, "Ameonyesha kwa kidole, daktari."

Nikaomba ruhusa kwa mama, nikafunua. Malengelenge yalikuwa yamejipanga mstari kutoka kwenye uti wa mgongo, upande wa kushoto tu, yakizunguka mbavu hadi chini ya titi. Mkanda wa jeshi. Kilichomwokoa mama yule asiunguzwe ni stima iliyopotea tangu asubuhi. Hotipaki ilikuwa vuguvugu kama uji uliosahaulika. Tulimkimbiza kwa tabibu, maana dawa ya virusi hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee.

Kijana alijitetea kwamba pazia la kitanda cha tatu limekatika kamba na mama aliona haya. Hilo la pazia nitalirudia. Siandiki haya kumwaibisha, ni mchapakazi na wagonjwa wanampenda. Naandika kwa sababu ni mwanafunzi wa tatu mwaka huu kunifanyia hivyo, na kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya vibaya kuliko wote watatu, tena siku ambazo stima ilikuwepo. Kwa hiyo, wanafunzi wangu, shikeni haya saba.

1. Mgonjwa avue shati.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ya mji mmoja wa miwa, jina nalihifadhi. Foleni ilianzia mlangoni ikakunja kona. Akaingia mkata miwa, umri wa miaka thelathini na kitu, analalamikia mgongo wa katikati. Mkata miwa na mgongo! Kichwani mwangu kesi ilikwisha kabla hajakaa. Panga, kuinama, kupakia trekta. Nikaandika "misuli".

Nilipomwambia alale, alilegeza mkanda wa suruali, na mkanda ule naukumbuka kuliko uso wake. Ulikuwa na matundu ya kiwandani, halafu matatu zaidi yaliyotobolewa kwa msumari, la mwisho ngozi yake bado mbichi pembeni. Niliuona. Nikawaza tu kwamba huyu bwana anahitaji mkanda mpya.

Akasema, "Daktari, usiku nalowesha shuka." Nikamjibu, "Kwa joto hili, nani halowi?" Tukacheka wote wawili. Sasa najua kwamba yeye alicheka kwa adabu.

Alikuja kwangu mara 6, Jumatatu na Alhamisi. Hotipaki dakika 20, TENS (mashine ya umeme mdogo wa kutuliza maumivu), kisha namlaza kifudifudi ajiinue kwa mikono, mgongo ukipinda nyuma. Nilikuwa nimelewa mazoezi ya fizio Robin McKenzie wakati ule. Nyote mnakijua kile kisa cha mwaka 1956 kule Nyuzilandi: mgonjwa akalala kifudifudi kwenye kitanda ambacho kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa, McKenzie akiwa na shughuli nyingine, na aliporudi akakuta maumivu ya mguu yamekwisha. Kisa kitamu. Ubaya wake ni kwamba ukikisoma ukiwa na miaka ishirini na minne, kila mgongo unaoingia mlangoni unaona ni wa yule mgonjwa. Mwenyewe McKenzie alikuwa akipima kwanza, anaangalia maumivu yanahamia wapi, ndipo anaagiza zoezi. Mimi niliruka moja kwa moja hadi kwenye zoezi. Na mara zote 6 fulana ilibaki mwilini, kwa sababu kuivua na kuivaa kungenila dakika 3 na foleni ilikuwa inanung'unika.

Mara ya saba aliletwa. Alikuwa amekaa katikati ya bodaboda, ndugu yake amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Miguu imekakamaa kama mbao. Fizio mkuu wetu, mama ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alishika wayo wa yule bwana akausukuma juu kwa ghafla, na mguu ukaanza kupiga wenyewe, pa-pa-pa-pa, haukomi. Akamgeuza ubavu, akavuta fulana juu. Pale kwenye uti palikuwa na kinundu kidogo, kama kifundo cha kidole ukikunja ngumi. Akaweka kidole chake juu yake.

"Hiki kilikuwepo Alhamisi?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

Hakuongeza neno. Laiti angenigombeza.

Eksirei ilionyesha pingili mbili za kifua zimelika kwa mbele, na diski iliyokuwa kati yake haionekani. TB ya mgongo, ugonjwa ule ule ambao Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, karne nzima na zaidi kabla ya eksirei kuwepo. Kukonda nilikuona kwenye mkanda. Jasho la usiku niliambiwa nikalifanyia mzaha. Maumivu yasiyopoa mtu akilala alinieleza siku ya pili, nikamwambia abadilishe godoro. Na muda wote huo nilikuwa nikiupinda nyuma mgongo uliokuwa unaporomoka kwa mbele.

Alipewa rufaa, akaanza dawa za TB za miezi 12. Alitembea tena, kwa gongo. Kwenye miwa hakurudi.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye hapa Kisumu, soko la Kibuye, siku ya Jumapili, anauza viatu vya mitumba. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamgeukia jirani yake: "Huyu ndiye daktari aliyekuwa ananipa joto." Alikuwa ananishukuru. Sikumwambia. Nilinunua viatu visivyonitosha nikaondoka.

2. Uliza haja ndogo.

Najua ni vigumu. Una miaka 22, mbele yako ameketi jaduong', mzee mwenye maumivu ya mgongo, anayelingana na babu yako, na wewe ndiwe umuulize kama mkojo unatoka vizuri na kama sehemu anayokalia kiti cha bodaboda imekufa ganzi. Muulize hivyo hivyo, kwa kutaja kiti cha bodaboda. Wazee wa Kondele na Nyalenda watakuelewa bila wewe kutaja lolote la aibu. Akisema mkojo umeziba au ganzi ipo, hiyo si kesi ya Alhamisi ijayo. Ni rufaa ya saa hiyo hiyo.

3. SLR, yaani kuinua mguu ulionyooka mgonjwa akiwa amelala chali, ikiuma chini ya goti, kati ya nyuzi 30 na 70, andika nyuzi, usiandike "chanya".

4. Kifundo cha mguu.

Kila Jumatatu wanatuletea majeruhi wa mpira wa Jumapili. Kabla ya kugusa bendeji, bonyeza mfupa nyuma ya kila fundo, sentimita 6 za mwisho, kisha mwambie atembee hatua 4. Mfupa ukiuma au hatua zikimshinda, eksirei kwanza. Na barafu tuliyofundishwa kama sala, Gabe Mirkin, daktari aliyeileta RICE (pumzisha, weka barafu, bana, inua) mwaka 1978, mwenyewe alikuja kukiri kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Mpe ya kutuliza maumivu siku ya kwanza kama anaitaka, halafu mguu ufanye kazi. Kuna winga mmoja wa mtaa alikaa na ndoo ya barafu wiki tatu, kwa ushauri wetu, akarudi na kifundo kigumu kama bawaba yenye kutu.

5. Acheni kuwaambia watu wasibebe.

Juzi nimesikia mmoja wenu akimwambia mama wa Ahero, mpanda mpunga, "usiiname". Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa asipumue. Mpunga unapandwa vipi kwa kusimama? Pale kwenye kona kuna mitungi ya maji ya lita 5, 10 na 20. Si ya kunawia mikono. Anza na ya 5, mwonyeshe auweke mzigo karibu na tumbo, ainuke kwa miguu, ongeza kila wiki mpaka abebe kile anachobeba nyumbani. Mgongo hupata nguvu kwa kubeba, kidogo kidogo. Dereva wa boda naye msimtume gym, hana pesa wala saa. Mwambie kila akifika stendi ashuke, anyooshe kiuno mara 10, ndipo aanze kupiga domo na wenzake.

6. Mgonjwa atataka kukandwa. Mkande dakika 5, mazoezi dakika 15, na akiulizwa nyumbani alifanyiwa nini aweze kuonyesha zoezi.

7. Pazia.

Nimesema nitalirudia. Hakuna mama atakayevua blauzi mbele ya watu wanane waliokaa benchi, na ana haki. Kwa hiyo nimenunua uzi wa nailoni, ule wanaotumia wavuvi wa Dunga, uko kwenye droo ya chini pamoja na elektrodi zilizoisha gundi. Atakayefika wa kwanza kesho afunge pazia la kitanda cha tatu. Fundo liwe la wavuvi. Lile la bendeji lilifunguka mara mbili wiki jana.