Maswali yenu: tija, trekta na korosho

*Nikifanya kazi saa kumi na mbili badala ya nane, tija yangu si imepanda?* (Masasi)

Hapana. Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja. Tija ni unachotoa kwa saa, jasho halihesabiwi.

*Wachumi husema nchi maskini hupandisha tija watu wakitoka shambani. Vijana wa Tandahimba wametoka, mbona hali ni ile ile?*

Wametoka wakaenda wapi? Mchumi Arthur Lewis, aliyeliandika jambo hili mwaka 1954, alizungumzia kuhamia kwenye kazi yenye tija kubwa zaidi. Kijana aliyeacha mikorosho akaja Mtwara mjini kupanga foleni ya bodaboda sita kwa abiria mmoja, amehama yeye, tija ameiacha njiani.

Kazi ya kumpokea ingekuwa kubangua korosho, yaani kuzitoa ganda. Lakini korosho zetu nyingi hupanda meli zikiwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam, na hao Vietnam mashine wanajiundia wenyewe. Sisi viwanda tulijengewa kwa mikopo miaka ya 1970, wakati huohuo watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa na mikorosho ikabaki porini. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000 hivi. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 30,000. Mashine zikakosa cha kubangua, baadhi ya viwanda vikaishia kuwa maghala. Halafu mtu anasema watu wa kusini wavivu!

*Serikali itugawie matrekta.*

Nenda Nachingwea uwaulize wazee habari za karanga za Mwingereza. Walianza 1947 na matrekta kibao, na reli wakajenga. 1951 mradi ukafutwa. Trekta bila fundi, spea na kuujua udongo ni chuma tu.

*Elimu inasaidia?*

Sana, kama kuna kazi inayoihitaji.

*Mikorosho yangu Newala inazaa kidogo. Niongeze vibarua?*

Waokote nini? Kwanza niambie salfa ulipulizia lini. Salfa huzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshika machipukizi na maua, na ukingoja mpaka maua yameungua, hapo unaupaka mti poda tu, umechelewa. Ondoa na matawi yaliyosongamana. Miche bora iko Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho karibu na Mtwara mjini.

Najua utaniambia hela ya salfa huna. Basi na wewe uliyeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, zikiwa bado hazijatoa hata ua, usiniandikie mwezi wa kumi kuniuliza bei ya mnada.