Karabai ya mtumba: king'aacho kisikudanganye

Tangu taa za sola na betri ziingie kwenye mitumbwi ya dagaa, karabai za zamani, zile taa za pampu za mafuta ya taa, zinauzwa bei ya kutupa. Ukizunguka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hukosi mtu mwenye tatu nne kwenye kiroba. Mimi bado nazipenda, nazinunua, nazifufua. Ila ya kwanza ilinitia adabu.

Ilikuwa inang'aa hadi nikaona meno yangu kwenye tangi. Nikaijaza mafuta ya taa, nikapiga pampu, nikaiwasha mlangoni kwangu Igombe. Mwanga ukapanda, ukashuka. Nikapiga pampu tena, ukashuka tena. Nilipopitisha kidole chini ya tangi, kikatoka kimelowa. Ufa mwembamba kama unywele umezunguka pale shaba ilipokunjwa kiwandani. Fikiria hiyo ingekuwa ndani ya mtumbwi, juu ya nyavu, katikati ya maji.

Nikamrudia aliyeniuzia. Akasema, bila hata aibu, "Ilikaa banda la kuku mwaka mzima, kaka, lakini si nimeisugua?"

Kumbe jibu lilikuwa hilohilo banda. Shaba ya karabai, ile wanayoiita brasi kwenye skrepa, ni kopa iliyochanganywa na zinki. Ikishakunjwa na kuvutwa kwa mashine hubaki imekaza ndani kwa ndani, na hewa ya amonia inayotoka kwenye mbolea au mkojo wa wanyama huipasua taratibu. Jeshi la Uingereza kule India lilipata taabu hiyo kwa maganda ya risasi: yalihifadhiwa jirani na farasi, na msimu wa mvua ukifika yanachanika yenyewe bila kupigwa. Sababu ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1921. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji siku hizi ni moja tu: ililala wapi?

Ukishafika nayo nyumbani, usianze kusugua. Mwaga mafuta yaliyomo, weka mafuta safi kidogo na nati ndogondogo kiganja kimoja, tikisa. Utaona uji wa kahawia unatoka. Hayo ni mafuta yaliyoganda. Hesabu nati zako zikitoka, mimi moja imewahi kunibakia. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Weusi wa nje unatoka kwa limao, dakika chache tu, halafu suuza sana. Ukiona mabaka ya waridi yasiyotoka, mara nyingi zinki imeshaliwa hapo, imebaki kopa laini yenye vitundu. Tangi hilo liache.

Ngozi ya pampu ikikauka haishiki hewa. Iloweke kwenye mafuta ya kulainishia usiku kucha, itatanuka na kulainika.

Sasa ndoo ya maji. Tangi tupu, funga kila mahali, piga pampu, zamisha. Geji usiizamishe, ipake povu la sabuni. Viputo vikitoka kwenye mfuniko, badilisha mpira, kazi imeisha. Vikitoka kwenye shaba yenyewe, hakuna karabai hapo.

Mzee mmoja mvuvi alinibembeleza: "Fundi, ziba ufa kwa risasi ya kuchomelea tu hapo, leo giza, dagaa wanapanda." Nikamwambia shikamoo mzee wangu, lakini hiyo siwezi. Tangi lina presha, juu yake kuna moto, na mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka hata kabla sijamaliza kuchomelea. Alinuna wiki nzima. Na petroli usithubutu kuitia humo, hata ukiishiwa mafuta ya taa usiku wa manane.

Baada ya yote hayo, kama bado unataka ing'ae, isugue. Ila soma chupa kwanza: dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia.