Jibu: Kwa nini Marekani haikuzitupa tu baharini?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wamarekani walijenga mitambo ya mabilioni ya dola kuharibu silaha za kemikali wakati bahari ipo. Baharini walishazitupa, miaka ya 1960, wakizizamisha na meli nzima, mpaka sheria ya 1972 ikapiga marufuku. Kisha wakaanza kuchoma, kwenye kisiwa cha Johnston katika Pasifiki, mwaka 1990. Wananchi wa Kentucky na Colorado, majimbo yenye maghala ya silaha hizo, wakaukataa moshi huo. Mimi nawaunga mkono.

Ndiyo maana Pueblo, Colorado, walitumia maji. Roboti zilifungua kombora la mzinga, haradali, sumu inayobabua ngozi, ikaoshwa humo (watu huiita gesi, kumbe ni kimiminika kizito kama mafuta), ikavunjwavunjwa kwa maji ya moto na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Maji yaliyobaki walipewa bakteria wayale. Ndani ya jengo shinikizo la hewa lilikuwa chini kuliko nje, kwa hiyo hata pangekuwa na ufa, hewa ingeingia, isingetoka. Iliyotolewa ilipitia vichujio vya mkaa.

Kilichowatesa zaidi ni uzee wa silaha zenyewe. Kule kwenye ghala la Blue Grass, Kentucky, eksirei zilionyesha haradali imeganda ndani ya makombora, haimiminiki. Ikabidi yaharibiwe mazima ndani ya chumba cha chuma chenye joto kali. Roketi za M55 ndiyo zilikuwa balaa: sumu, baruti na fueli kwenye bomba moja, na nyingine zilikuwa zinavuja. Ya mwisho, yenye sarini, sumu inayoshambulia neva, iliharibiwa hapohapo Julai 7, 2023.