Mnaoanza darasa la picha: mkanda wangu wa kwanza ulitoka mtupu

Nianze na aibu yangu. Mkanda wa kwanza wa filamu niliopiga darasani ulikuwa wa picha 36, nikahangaika nao wiki nzima, kila mtu shuleni nilishamsumbua asimame vizuri, afu siku ya kuusafisha nautoa kwenye tangi la dawa uko mweupe peee, ukiacha kale kamkia ka mwanzo tu ndo keusi. Nikajua nimeharibu dawa. Mwalimu akaushika kwa kingo, akaunyanyua dirishani, akasema dawa ziko poa, hebu angalia pembeni. Kweli bana, pembeni kwenye vitundu kulikuwa na maandishi na namba za kiwandani, nyeusi vizuri kabisa. Zile zinatokea kwa dawa hiyohiyo inayotoa picha, kwa hiyo ukiziona ujue usafishaji ulienda sawa ila mwanga haukufika kwenye filamu. Zisipokuwepo, hapo ndo ulaumu dawa.

Kumbe mkanda haukushika kwenye rola inayouvuta ndani ya kamera tangu mwanzo. Nilikuwa navuta nabonyeza, navuta nabonyeza, kaunta inahesabu kama kawa, na mkanda wenyewe umelala kwenye kikopo chake. Siku hizi nikiweka mkanda nakaza kidogo kile kimkono cha kurudishia, kiko juu kushoto kwenye kamera nyingi za zamani, afu nikivuta nakiangalia, kisipozunguka nafungua naanza upya. Na kaunta ikifika 39, 40 bado inavuta laini tu, we usishangilie kwamba umepata picha za bure.

Ndo maana nawaambia, mwanzoni mnapoteza picha nyingi kwa mikono kuliko kwa jicho. Kila mtu anakuja anataka kujua kupanga picha, wakati kitu kitakachokutesa ni kuvingirisha mkanda gizani kwenye rili, kile kigurudumu kinachoushika ndani ya tangi. Omba mkanda ulioharibika, fanya ukiwa unaona, kisha ukiwa umefumba macho, mara kumi, ishirini, mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Rili ya plastiki iwe kavu kabisa maana ikiwa na unyevu mkanda unanata katikati, na ukilazimisha unakunjika, zikigusana sehemu mbili dawa haipiti hapo unabaki na mabaka. Na jamani taa nyekundu ni ya karatasi za kuprintia, mkanda unataka giza totoro. Kuna mwenzetu alidhani nyekundu ni salama kwa kila kitu, akaunguza mkanda wote.

Kwenye dawa mi sina mengi, fuata muda na joto lililoandikwa, mara nyingi ni nyuzi 20. Ila bandika lebo kubwa kwenye chupa. Ukimimina fiksa (dawa ya kuimarisha picha) kabla ya devalopa (ile inayotoa picha) basi kwisha habari, filamu inakuwa kama kioo na hakuna wa kukusaidia.

Sasa dijitali. Watu wanaidharau eti rahisi, mi naona ndo daftari lako la mazoezi. Weka ISO, yaani wepesi wa kushika mwanga, 400 kama mkanda wako, ifunge hapohapo usiiguse, maana kwenye filamu hutaweza kubadili katikati, kisha piga kitu kimoja kwa apacha (tundu la kupitishia mwanga) f/4, f/8 na f/16 ukibadilisha spidi ya shata mwanga ubaki uleule, uone fokasi inavyotanuka nyuma. Jibu unalipata palepale. Jua kali la mchana jaribu f/16 kwa 1/500 ya sekunde, halafu linganisha na mita ya kamera, kile kipima mwanga, inavyosema, baada ya muda utaanza kukisia bila mita.

Kitu kimoja kilinichanganya sana mpaka nikaja kuelewa baadaye: hizi kamera mbili zinakosea kinyume. Dijitali ikiungua kwenye weupe, mawingu au shati jeupe, hapo hakuna kitu cha kurudisha hata kama ulipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi punguza mwanga kidogo. Negativu ya filamu ni kinyume chake, inavumilia mwanga mwingi ila kivuli kikikosa mwanga kinatoka kitupu, kwa hiyo we ongeza. Mi nilikuwa natumia sheria ya dijitali kwenye filamu, nashangaa kwanini nywele za watu wote zimekuwa doa moja jeusi.

Afu beba kidaftari, kweli kabisa. Namba ya picha, apacha, spidi, basi. Dijitali inajiandikia yenyewe ndani ya faili lakini filamu haikumbuki chochote, na ukija kukaa na kontakti shiti, ile karatasi yenye picha zote ndogondogo, wiki mbili baadaye hutajua fremu ya 14 ilitoka nzuri kwa sababu gani. Mkanda ukishakauka kata vipande vya fremu sita sita, kata kwenye ule mstari mwembamba katikati ya fremu, na angalia mara mbili kabla mkasi haujafunga, mi nilishamkata mtu shingo.