Kabla ya kuhamia Windows 11, anza na programu ya bekapu

Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi zinazohama bado ni nyingi, kuanzia mawakala wa mizigo wa huku bandarini Mombasa hadi maduka ya Biashara Street. Fundi akiitwa huulizwa habari za RAM, leseni na printa. Bekapu haitajwi, kwa kuwa ipo palepale pembeni mwa skrini na tiki yake ya kijani. Tiki hiyo inakuambia tu kwamba kazi iliyopangwa imekwisha bila kosa. Kilichonakiliwa ni nini, haikwambii.

Tuanze na mashine yenyewe, kwani hapa Mombasa kompyuta nyingi za ofisini ni ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo), Secure Boot (kinga inayoukagua mfumo wakati wa kuwaka) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache za kabla yake. HP EliteDesk 800 G3 na Dell OptiPlex 7050 ni za kizazi cha 6 na 7, kwa hiyo hukwama. EliteDesk 800 G4 na OptiPlex 7060 hupita. Wapo mafundi wanaoulazimisha mfumo uingie kwenye mashine isiyokubalika, na kweli huingia, lakini mashine inayobeba vitabu vya hesabu si ya kujaribia mambo. Hiyo iandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, yanayoendelea hadi 13 Oktoba 2026, na utafute nyingine bila haraka.

Mashine ikikubalika, mpangilio wa kazi ndio unaoamua mambo. Sasisha programu ya bekapu ukiwa bado ndani ya Windows 10, si baadaye. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji usome ni toleo gani linalokubali Windows 11, tena toleo la Windows lenyewe kama 24H2 (la nusu ya pili ya 2024), maana "inafanya kazi na Windows 11" peke yake haitoshi. Sababu ni kwamba programu hizi huweka draiva zake (vijiprogramu vya kuzungumza na diski) ndani kabisa ya mfumo ili zijue ni sehemu zipi za diski zimebadilika. Draiva ya zamani inaweza kukizuia kisakinishi cha Windows, au mbaya zaidi, ikaachwa ipite kisha mashine ikaangukia skrini ya bluu. Mtengenezaji akisema uiondoe kwanza, iondoe, ila kabla ya hapo nakili namba ya leseni na uizime leseni hiyo kwenye mashine. Mfumo ukiwekwa upya kuanzia sifuri, programu nyingi huihesabu kompyuta ileile kama mashine ya pili.

Ukishasasisha, chukua imeji kamili ya diski, yaani nakala ya diski nzima, mfumo na faili pamoja, kwa toleo jipya. Toleo jipya kwa kawaida husoma nakala za zamani, lakini la zamani halisomi mpya. Kisha tengeneza flashi ya uokoaji, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Wengi huishia kuitengeneza tu. Usisakinishe chochote; angalia vitu viwili: je, inaiona diski ya ndani, na inaiona diski ya nje yenye imeji? Laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea mara nyingi hutumia VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, na flashi isiyo na draiva yake haitaiona diski ya ndani (SSD) hata kidogo. Ni afadhali uligundue hilo leo kuliko siku mashine imekataa kuwaka.

Kuhusu muda, piga hesabu mapema. GB 300 kupitia tundu la USB 2.0, kwa takriban MB 30 kwa sekunde, ni karibu saa 3. Diski hiyohiyo kwenye tundu la USB 3.0, kwa MB 100 kwa sekunde, haifiki saa moja. Kuzipandisha GB hizo kwenye wingu kwa laini inayotoa Mbps 10 za kupandisha ni karibu siku 3 mfululizo. Diski ya nje basi haikwepeki, na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kuandika, imeji hiyo haina thamani.

Baada ya kuhama ndipo penye mitego, na mkubwa kuliko yote ni OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft. Windows 11 ikiwekwa kwa akaunti ya Microsoft hupendekeza, na wakati mwingine huanza yenyewe, kuzihamishia humo Desktop, Documents na Pictures. Folda iliyokuwa C:\Users\jina\Desktop sasa iko C:\Users\jina\OneDrive\Desktop. Programu yako ya bekapu, iliyoelekezwa kwenye njia ya zamani, inanakili folda tupu kila usiku na kutoa tiki ya kijani. Kuna na la pili: faili zenye alama ya wingu hazimo kwenye diski, ni majina tu. Baadhi ya programu huziruka, nyingine huzishusha zote na kumaliza bando. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, ambayo faili moja ya barua za Outlook inaweza kuijaza. Ushauri wangu kwa ofisi ndogo: zima uhamishaji huo, rudisha folda mahali pake, kisha uchague upya folda zote ndani ya programu ya bekapu, moja moja, kwa macho yako.

Wanaotuma nakala kwenye NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao wa ofisi) au kwenye diski iliyochomekwa nyuma ya ruta watakutana na jambo jingine. Kuanzia 24H2, Windows 11 Pro inadai kila muunganisho wa SMB, njia ambayo Windows hutumia kushirikisha folda mtandaoni, utiwe saini ya kidijitali, na haikubali tena kuingia kama mgeni bila nywila. Folda ya pamoja iliyokuwa wazi kwa kila mtu ofisini inakataa ghafla. Mtandaoni utapata amri za kuzima ulinzi huo, ziache. Sasisha mfumo wa NAS, fungua humo mtumiaji maalum wa bekapu mwenye nywila yake, na uiandike nywila hiyo kwenye programu. PIN unayofungulia kompyuta haifai hapa. Ruta ya zamani isiyoweza haya yote iondolewe kazini, basi.

Faili za QuickBooks na za Outlook hubaki wazi mchana kutwa, na Windows huzinakili kupitia VSS, huduma inayopiga picha ya faili hata zikiwa zinatumika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika vssadmin list writers, usubiri. Kila mstari wa hali unapaswa kusema Stable na No error. Ukiona Failed, washa kompyuta upya na ujaribu tena kabla ya kulaumu programu. Tazama pia herufi ya diski ya nje, kwani iliyokuwa E inaweza kurudi ikiwa F. Ipe herufi ya mbali kama R kupitia Disk Management.

Usimbaji nao, yaani kuifunga diski kwa msimbo, usisahaulike. 24H2 ikisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft huwasha usimbaji wa diski bila kelele. Ufunguo wake wa kuokolea una tarakimu 48 na hukaa ndani ya akaunti iliyotumika. Ikiwa akaunti hiyo ni ya fundi na si ya mwenye ofisi, mnalo tatizo linalongoja siku yake. Uchapishe ufunguo huo, uuweke pamoja na hati za biashara.

Mwenye Mac ana kazi chache. Programu za 32-bit zilikoma kufanya kazi tangu Catalina ya 2019, na kuanzia Big Sur ya 2020 Time Machine, programu ya bekapu ya Apple yenyewe, huandaa diski mpya kwa APFS, mpangilio wa faili wa Apple. Ukitumia programu ya mtengenezaji mwingine, hakikisha ina ruhusa ya Full Disk Access, la sivyo itaruka barua na baadhi ya folda zako.

Sasa jaribu kurejesha. Chagua faili tatu: ya zamani, iliyoguswa leo, na kubwa kuliko zote. Zirejeshe kwenye folda nyingine, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, uzifungue. Faili ya hesabu isifunguliwe tu; linganisha salio la mwisho.

Windows 10 yako ya zamani hukaa ndani ya Windows.old kwa siku 10, kisha hufutwa, na njia ya kurudi nyuma kirahisi hufungwa. Imeji ile ya mwisho ndiyo inayobaki. Iweke kwenye diski ya peke yake, kwani nakala ya kwanza baada ya kuhama huwa kubwa, na programu huanza kufuta za zamani ili ipate nafasi. Sheria ya kodi ya Kenya inataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe miaka 5, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuifuta. Tia kisakinishi cha programu iliyoitengeneza ndani ya diski hiyohiyo, pamoja na nywila yake kwenye karatasi iliyo mahali pengine. Hewa yetu ya chumvi hula viunganishi vya USB, hivyo diski ikae kwenye mkebe usiopitisha hewa wenye pakiti za silika. Ofisi ikiwa kisiwani, ipelekeni ng'ambo, Nyali au Likoni, nyumbani kwa mtu mnayemwamini.